Nilivyosindikizwa kwa Nyimbo Kufuata Kadi ya Silva

“Mwanangu, wamekukataa?”

Ndivyo mama alivyoniuliza nilipotoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, jioni ya siku ileile niliyoondoka.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyeniita. Ninauza safari za Ngorongoro kwa watalii hapa Karatu, na wateja wenye kadi ya silva, ile ambayo shirika la ndege humpa msafiri aliyekusanya pointi za kutosha, huiweka mezani kwangu kama cheo cha jeshi. Nami nikaitaka. Kwa hesabu yangu ya pointi, ilibaki safari moja tu niipate, nikapanga kwenda Dar na kurudi na ndege ileile. Nyumbani Endabash nikadanganya kwamba nimeitwa Dar kwenye usaili wa kazi.

Mama akafunga kuniombea. Shangazi akaleta akina mama wa kwaya, wakanisindikiza wakiimba hadi uwanja wa ndege. Mimi ninayemhoji mchungaji kila Jumapili, shirika la ndege sikulihoji hata kidogo.

Nilisahau kwamba kwetu msindikizaji haondoki mpaka msafiri apige simu kusema amefika. Simu nilikuwa nimeizima ndani ya ndege, sikuiwasha tena. Basi walibaki palepale, wakizidi kuomba.

“Usaili gani huo wa kufanyiwa angani?” shangazi akauliza, maana aliona nimerudi na ndege ileile iliyonipeleka.

Mama alikuwa bado hajala. Ikabidi niseme. “Nilikuwa natafuta pointi, mama.”

“Pointi tena? Si ulishamaliza shule?”

Miezi kadhaa baadaye ndipo nilipojua kwamba tiketi ya bei ya chini kama yangu haina pointi hata moja.