Soma Mstari wa Volti Kumi na Mbili

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo kila ikinijia huja na harufu yake: plastiki inayoungua, ndani ya ukumbi uliojaa watu pale Mbugani, mjini Kyela. Umeniambia unataka kuunda kompyuta ya gemu yenye kadi mbili za grafiki, ukaniuliza ununue pawa saplai gani. Ningeweza kukutajia jina moja tukaachana hapo. Lakini nakujua ulivyo, nami nilikuwa hivyo hivyo nilipokuwa na umri wako, kwa hiyo kaa kwanza nikusimulie.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ufundi Mbeya. Kwetu ni Busale, wazazi wangu watu wa mpunga, na katika ukoo wetu hakukuwa na msichana aliyewahi kushika bisibisi kama kazi. Mama yangu alinitaja kila alipopata nafasi. "Tusekile wangu ni fundi kompyuta," alikuwa akisema, hata kwa watu waliomwuliza habari za mvua tu. Nami, sitakuficha, nilitembea mjini Kyela kifua mbele.

Wakati huo alikuwepo Bwana Hamidu, mfanyabiashara mwenye duka la vifaa vya umeme, ambaye babu zake walitoka pwani. Alikuwa mtu wa kupenda kuanza jambo kabla wengine hawajaliwaza. Akaamua kufungua ukumbi wa gemu, na kati ya mashine zote alitaka moja iwe ya kushangaza watu: kompyuta ya mashindano ya magari, yenye skrini kubwa na kadi mbili za grafiki zinazofanya kazi kwa pamoja. Kyela hatukuwa tumeiona kompyuta ya namna hiyo. Mafundi wanaume walikuwepo, tena wenye uzoefu. Akanipa kazi hiyo mimi.

Vifaa vilikuja na basi kutoka Dar es Salaam. Nikaunda kila kitu kwa raha, mpaka nikafika kwenye pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vifaa vyote vya ndani. Nilipiga hesabu vizuri tu. Kila kadi ingekula kama wati mia mbili ikifanya kazi kwa nguvu zote. Prosesa nayo mia na kitu. Weka feni na diski, unapita mia sita. Dukani kwa Bwana Hamidu palikuwa na pawa saplai iliyoandikwa wati mia nane kwa maandishi makubwa, na feni yake ilikuwa na taa za bluu. Nikainyanyua, nikaiona nzito. Chuoni tulikuwa tukiambizana kwamba iliyo nzito ndiyo nzuri. Nikaichukua, na hata sikuigeuza kuisoma ubavuni.

Sasa, kwenye varanda ya duka lile alikaa Mzee Ambokile na meza yake ya kutengenezea redio. Kazi hiyo aliianza kabla sijazaliwa, na mota za mashine za kukoboa mpunga za huku kwetu mpaka Makwale zilipitia mikononi mwake. Aliponiona nafunga skrubu akaja, akavaa miwani, akakigeuza kisanduku changu taratibu.

"Binti, hizi kadi zako zinatumia volti ngapi?"

"Kumi na mbili, mzee."

"Basi soma hapa ubavuni, mstari wa volti kumi na mbili. Umeandikwa ampea ngapi?"

"Thelathini."

"Zidisha."

Nikazidisha kichwani. Wati mia tatu na sitini. Kadi mbili peke yake zilihitaji zaidi ya hapo, na prosesa bado. Zile mia nane za maandishi makubwa hazikuwepo mahali nilipozihitaji. Niliona, mwanangu. Sikiliza neno hilo vizuri: niliona. Lakini vijana wa dukani walikuwa wamesimama wanatutazama, na mimi ndiye niliyesoma.

"Mzee," nikasema, "hii si redio ya betri. Mambo ya kompyuta tuachieni sisi tuliosomea."

Akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Sawa, fundi," akasema, akarudi kwenye meza yake.

Hakupandisha sauti hata kidogo. Nami nikaendelea kukaza skrubu.

Ukumbi ulifunguliwa Jumamosi mchana. Watu walijaa mpaka madirishani. Mama alikuja kutoka Busale na kitenge chake cha akina mama wa kanisa, akakaa mstari wa mbele kama aliyealikwa harusini. Nikawasha. Picha zikatokea, watu wakapiga makofi, mama akageuka kuwatazama waliokaa nyuma yake ahakikishe wanaona. Mpaka hapo kadi zilikuwa hazijaanza kazi. Gemu ilipoanza, magari yakaondoka, kadi zote mbili zikavuta umeme kwa pamoja, skrini ikawa nyeusi.

Nikawasha tena. Magari yakaondoka, giza. Watu wakaanza kucheka kidogo kidogo. Mara ya tatu ukasikika mlio mkavu, halafu moshi, halafu ile harufu. Nikakimbilia plagi ya ukutani nikaichomoa. Nilipofungua kasha la kompyuta, plagi ya waya uliokwenda kwenye kadi ya kwanza ilikuwa imeyeyuka, na kadi yenyewe imekufa.

Kisha sauti ikatoka huko nyuma: "Ni umeme wetu huu! Mashine za mpunga zikiwaka zote mchana, unatazamia nini?"

Ulikuwa msimu wa mavuno, na ni kweli umeme hushuka mashine za kukoboa zikifanya kazi. Watu wakaitikia, eeh, umeme, umeme. Hata mama akawa anatikisa kichwa kukubali, huku ananitazama, maskini, ananisaidia. Bwana Hamidu akanigeukia.

"Tusekile, ni umeme?"

Mzee Ambokile alikuwa amesimama mlangoni. Angeweza kusema. Hakusema. Ningejibu neno moja tu, nikaondoka pale na jina langu zima, na nani angenibishia?

"Hapana, Bwana Hamidu," nikasema. Sauti ilikuwa inatetemeka. "Umeme hauna kosa. Nilichagua pawa saplai isiyotosha. Mzee Ambokile alinionyesha, nikamjibu vibaya mbele ya watu. Nilijua haitoshi, nikaifunga hivyo hivyo."

Nilitamani ardhi inimeze. Bwana Hamidu akaiangalia ile kompyuta, akaniangalia mimi, akawaambia watu waende nyumbani, ukumbi utafunguliwa siku nyingine. Tulipobaki wachache akasema, "Iunde upya."

"Unanipa mimi tena?"

"Nimpe nani? Fundi wa kuniambia ni umeme nampata hata huko barabarani. Wewe siku ukiniambia imekaa sawa, nitajua imekaa sawa."

Nilimsindikiza mama stendi. Njia nzima alitembea mbele yangu, nikajua nimemwaibisha. Alipokwisha kupanda gari akatoa kichwa dirishani. "Kesho kanisani watanihoji," akasema. "Nitawaambia mwanangu aliharibu, akasimama akasema nimeharibu mimi. Waniletee wa kwao aliyefanya hivyo."

Jumatatu asubuhi na mapema nikaenda kwa Mzee Ambokile na kile kisanduku mkononi. Nikachuchumaa kama tunavyowasalimia wazee wetu. "Mwagonile, mzee." Akaitikia. Nikamwomba radhi, maneno mengi, mengine nikayarudia mara mbili. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akanipa bisibisi.

"Fungua hicho kisanduku tukione ndani."

Kabla sijagusa chochote alitoa kwanza umeme uliobaki ndani, maana pawa saplai hubaki na umeme wa kuua mtu hata ikiwa imechomolewa. Wewe usiifungue kamwe. Basi tukafungua. Nyaya zilikuwa nyembamba kama za kengele ya mlangoni, na nafasi kadhaa za vifaa zilikuwa tupu. Na pembeni, mwanangu, palikuwa na kipande cha chuma kimekazwa kwa skrubu mbili. Hakikuunganishwa na waya wowote. Hakikuwa na kazi yoyote ila kuwa kizito. Mzee Ambokile alicheka mpaka akafuta machozi.

"Walijua utainyanyua," akasema.

Nikacheka na mimi, mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Tangu siku hiyo tulifanya kazi ile wawili. Yeye hakuwa anajua kompyuta, nami nikamweleza kadi inavyofanya kazi, kwamba haili umeme kwa kiasi kimoja wakati wote. Ghafla inavuta mno, halafu inatulia. Akaelewa mara moja.

"Kumbe ni kama mota," akasema. "Mota ya kukoboa ikianza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia baadaye. Ukiwasha mbili kwa pamoja na waya wako ni mwembamba, wa milimita moja na nusu, unaunguza nyumba. Hesabu ile ya kilele, uiachie na nafasi juu."

Bwana Hamidu akaagiza kadi nyingine na pawa saplai tuliyoitaja sisi: wati elfu moja, na mstari wa volti kumi na mbili una ampea themanini zake, zimeandikwa wazi. Ilikuwa na nyaya za kadi za kutosha, zikitoka kwenye kisanduku chenyewe, kila kadi na zake, bila kuunganisha waya mmoja ukagawanywa mara mbili. Haikuwa na taa hata moja. Tukaweka stabilaiza mbele yake, kwa sababu umeme wa msimu wa mpunga kweli hushuka, hata kama siku ile haukuwa na hatia. Kisha tukaitesa. Kutwa nzima, joto la Kyela unalijua, madirisha yote wazi, jasho linatiririka, kadi zote mbili zikifanya kazi kwa nguvu zote na mita ya Mzee Ambokile imeshikizwa kwenye waya wa volti kumi na mbili. Mshale ulitulia pale pale. Aliuangalia kila baada ya muda kama mtu anayeangalia mtoto mgonjwa. Jioni akachomoa mita.

"Mwite mwenye ukumbi," akasema.

Ufunguzi wa pili watu walikuwa wengi kuliko wa kwanza. Wengine, nadhani, walikuja kuona moshi. Bwana Hamidu akaomba wa kwanza kukaa kwenye kiti awe Mzee Ambokile. Gari likaondoka, kompyuta haikutikisika, na mzee akagonga ukuta kabla ya kona ya kwanza. Akagonga tena. Akashuka anacheka, akamwita mama yangu. Mama, ambaye usukani aliowahi kushika ni wa baiskeli, akaendesha polepole kama anapita kwenye tope la jaruba, magari yote yakampita, na akamaliza mzunguko mzima bila kugusa ukuta. Ukumbi ukapiga kelele mpaka wapita njia wakaingia kuuliza kuna nini.

Mmoja wao aliuliza mashine ile imetoka wapi. "Haijatoka mahali," Bwana Hamidu akamjibu. "Imeundwa hapa hapa, na Tusekile wa Busale." Mama akaja akanishika mikono yote miwili. "Ndaga fijo," akaniambia. Mama yangu mzazi ananishukuru mimi! Nimepata mengi baadaye, hili sijapata linalolizidi.

Kompyuta ile ilifanya kazi miaka mingi, masika na kiangazi, mpaka kadi zake zikapitwa na wakati. Haikuwahi kujizima yenyewe hata mara moja. Bwana Hamidu aliniletea kila fundi kijana aliyetaka kazi kwake, nimfundishe, na baadhi yao leo wana maduka yao Mbeya na Tunduma. Tukikutana wananitania, lakini wote wanasoma ubavuni kabla ya kununua. Najivunia hilo, na sioni haya kusema.

Basi mwanangu, nasaha zangu ni hizi. Kwanza jiulize kama kadi ya pili unaihitaji kweli, kwa sababu gemu nyingi za siku hizi hazina habari nayo. Kadi moja nzuri hukutosha. Ukishaamua ni mbili, usisome namba kubwa ya mbele. Geuza kisanduku, tafuta mstari wa volti kumi na mbili, zidisha kwa ampea zake, uone kama unabeba kadi zote mbili na prosesa zikiwa kwenye kilele, halafu ibaki nafasi, theluthi hivi, maana huku kwetu joto halina huruma. Kila kadi ipate nyaya zake zenyewe. Nunua kwa jina linaloaminika, hata kama itabidi usubiri. Ijaribu kutwa nzima kabla hujamwita mtu kuja kuitazama.

Na mtu mzima akikuonyesha kosa lako watu wanatazama, meza mate kwanza, umwambie asante mzee, uangalie alichokuonyesha. Ukichelewa kama mimi nilivyochelewa, basi usitafute wa kumsingizia. Sema ni mimi. Utatetemeka, lakini utalala.

Nenda kaunde, mwanangu. Mungu akulindie mikono na macho, akukutanishe na watu wa kukusahihisha na moyo wa kuwasikiliza, na kazi utakayoifanya imfanye mama yako aitaje bila kuulizwa.