Kitabu Kimoja, Vipande Kumi na Kimoja: Mukuka na Wanafunzi wa Saikolojia

Saa moja na nusu asubuhi, Jumanne, Mukuka Kasonde anakata uzi wa kitabu kwa wembe. Hana haraka. Anafungua mgongo wa kitabu, anapuliza gundi kavu, kisha anavuta kurasa thelathini na mbili za kwanza. Zinatoka pamoja, zimekunjwa kama daftari jembamba. Anaziweka mezani na kuzikandamiza kwa kipande cha reli.

Chumba chake kiko nyuma ya maktaba ya chuo kimoja cha ualimu, upande wa Kasapa. Dirishani wanafunzi wanne wameshapanga mstari.

"Ba Mukuka, mi unipatie ile ya akili ya batoto!" anaita mmoja.

"Ya kwanza ulisha kusoma?"

"Bado."

"Basi mutoto gani anakimbia mbele ya kutambaa? Kamata ya kwanza."

Wenzake wanamcheka. Anapokea kipande cha kwanza, ananuna kidogo, anaondoka akisoma.

Mukuka ana miaka arobaini na saba. Kazi yake ni kushona vitabu vilivyochanika. Jumamosi, saa kama hii, hakujua kama wiki hii angekuwa bado na kazi hiyo.

Shida ilianza na hesabu rahisi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaosoma saikolojia ni arobaini na watatu. Kitabu kikubwa chekundu wanachokihitaji kipo kimoja tu. Hakiuzwi mjini, na kuagiza kutoka Ulaya ni ndoto. Mwanafunzi mmoja akikichukua kwa wiki, wenzake arobaini na wawili wanakaa mikono mitupu.

"Balikuwa banagombana hapa mbele yangu," anasema Mukuka. "Bantu bakubwa, banavutana kitabu sawa nyama. Siku moja kikapasuka. Mi nikakishona. Njo nikawaza: kumbe hii kitabu ni madaftari kumi na moja, balishona pamoja tu. Juu ya nini tusibaachanishe?"

Kitabu hushonwa kwa vipande. Mtu aliyesoma sana anaweza kushika vitabu maisha yake yote asilione jambo hilo. Mukuka aliishia darasa la nne. Alizaliwa kambi ya wafanyakazi wa shaba, na baba yake alipoumia mguu kwenye tanuru, kijana akapelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha misheni. Huko alishika sindano miaka kumi na tisa kabla ya kuja chuoni.

Akakifumua kitabu. Vipande kumi na kimoja, wasomaji kumi na mmoja kwa wakati mmoja, siku mbili kila mmoja. Muhula ukiisha, anakishona tena.

Mkuu wa maktaba, citoyen Kalaba, yaani raia Kalaba kama watu wanavyoitwa huku, alikubali kwa mdomo, bila kuandika chochote. "Kipande kimoja kikipotea," alimwambia, "weye njo utatoka. Hapana mimi."

Mshahara wa Mukuka hautoshi kununua magunia mawili ya unga kwa mwezi. Nyumbani kuna watu tisa. Mkewe anauza lengalenga, na mboga hiyo haiwezi kulisha watu tisa peke yake. Hata hivyo alikubali.

Leo mwanafunzi mpya akitaka kujua aanzie wapi katika saikolojia, wenzake hawamtumi kwa mwalimu. Wanamtuma dirishani. Mukuka hakusoma hata kitabu kimoja cha saikolojia hadi mwisho, na hafichi. Lakini kwa miaka kumi na mmoja chuoni ameona nani anafaulu na alianza na nini.

"Kile kikubwa usianze nacho," anasema. "Kitakuogopesha. Anza na makaratasi ya mwalimu, yale ya kupiga na stensili, hata kama wino imefifia. Kisha kile kidogo cha kijani cha batoto. Kamusi ya maneno ya nguvu ikuwe pembeni, hapana kuisoma sawa hadisi. Kikubwa kinakuja nyuma."

Halafu anawatuma nje. Anawaambia waende zahanati siku ya kupima watoto, wakae kimya na daftari, waone mama anafanya nini mtoto akilia. Waende soko wakatazame mtu anavyodanganya bei. "Banarudia hapa banasema: Ba Mukuka, ile ya kitabu niliiona! Mi ninabaambia: basi sasa unaanza kusoma."

Ili vipande virudi, aliweka rehani. Kadi ya mwanafunzi hakuweza kuichukua, maana mlinzi wa lango huiomba kila siku. Akachukua kadi ya chakula, na badala yake akatoa kikaratasi cha kula siku mbili tu. Siku mbili zikiisha, bila kadi hiyo hakuna anayepita mlango wa bwalo. "Mwanafunzi anaweza kusahau kitabu," anasema, "lakini kula hatasahau."

Kwa miezi mitano hakukosea. Kisha likaja tangazo: Jumatatu, saa mbili, ukaguzi wa vitabu vyote. Mukuka akaita vipande vyote virudi kabla ya Alhamisi. Vikarudi kumi. Kipande cha tano, ukurasa 129 hadi 160, hakikurudi. Alikuwa nacho Musonda, msichana wa mwaka wa kwanza.

Mukuka hakutikisika. Kadi yake ilikuwa ndani ya sanduku. Saa sita mchana akasimama mlangoni pa bwalo, akangoja njaa imlete. Alhamisi Musonda hakuja. Ijumaa hakuja. Mukuka akaanza kumhurumia kwa kushinda na njaa siku mbili.

Ngosa, mpishi anayekagua kadi mlangoni, alimuuliza anamngoja nani. Aliposikia jina, akashika tumbo kwa kucheka.

"Musonda? Yule mama hajakula hapa hata siku moja! Anaishi na mjomba yake Naviundu. Anakula ku nyumba, bukari ya moto na samaki. Unamushika na bukari yetu hii?"

Ndipo Mukuka alipoona kosa lake. Kadi aliyoishika miezi mitano, rehani ya ugali wa bwalo, kwa Musonda ilikuwa karatasi tu. Hakuwahi kumuuliza anakula wapi.

Anasema: "Nilikuwa ninawaza namna ya kumuambia mama ya batoto kama kazi imekwisha."

Jumamosi asubuhi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mitaa, na hakuna aliyethubutu kuikwepa. Mukuka alifyeka majani hadi saa tano. Kisha, bila kubadilisha nguo, akatembea hadi Naviundu. Katika nyumba ya mjomba alimkuta mke wa mjomba huyo, mama Mwape, akianika mihogo.

"Musonda alikwenda Lukafu, papa. Dada yake alizaa. Atarudia kesho na lori ya mahindi."

"Na makaratasi? Kulikuwa makaratasi ya kitabu?"

"Alifunga kintu mu kitenge. Sijue kama ni makaratasi ao nguo ya mutoto. Weye ni nani yake? Mbona unatoka jasho hivi?"

"Mi ni mushonaji wa kitabu, mama."

"Kitabu kinashonwa?" akauliza mama Mwape, na akampa maji.

Jumapili, baada ya misa, Mukuka alisimama pale malori ya kutoka Lukafu yanaposhushia mizigo. Lori la kwanza halikuwa na Musonda. La pili lilifika saa tisa, na juu ya magunia alikaa msichana mwenye miwani, amekumbatia kitenge kifuani kana kwamba amebeba mtoto.

"Ba Mukuka! Unangoja nani?"

"Weye! Kipande yangu iko wapi?"

Akafungua kitenge. Kurasa zote thelathini na mbili zilikuwamo, kavu, hazijakunjwa hata kona. Pamoja nazo kulikuwa na daftari alilojaza maandishi juu ya watoto watano wa dada yake, kuanzia yule wa siku nne.

"Juu ya nini haukusema unasafiri?"

"Uko na karte yangu. Niliwaza hauna wasiwasi."

"Karte yenye haina kazi!"

"Haukuniuliza kama ninakula wapi, baba."

Mukuka anasema alikaa chini juu ya gunia la mtu mwingine, akacheka mpaka dereva akamuuliza kama ni mgonjwa. Jioni hiyohiyo alikishona kitabu na kukibana kwa vipande viwili vya reli. Jumatatu saa mbili, citoyen Kalaba alikifungua mbele ya wakaguzi, akapitia kurasa 352, akakigeuza, akavuta mgongo wake kwa kidole.

"Iko muzima," akasema, akakirudisha kwenye rafu.

Mtihani uko baada ya siku tisa, ndiyo maana leo kitabu kinafumuliwa tena. Kadi za chakula hazipokelewi tena. Kila mwanafunzi anaulizwa swali moja: ni kitu gani huwezi kukaa bila hicho? Mmoja ameacha viatu vya mpira. Musonda alitoa miwani yake.

"Sasa utasoma na nini?" Mukuka akamuuliza. Musonda akaacha viatu vya kanisani badala yake.

Mpango wa Mukuka ni kukifumua na kile kidogo cha kijani masomo yatakapofunguliwa Oktoba. Safari hii anataka ruhusa iliyoandikwa, na asubuhi hii, kabla ya kushika wembe, alipeleka karatasi kwa mkuu wa maktaba. Kalaba aliisoma, akaiweka mezani.

"Banafunzi banakuachia kintu," akasema. "Na weye? Mi nishike nini yako?"

Mukuka akasogeza karatasi mbele yake.

"Shefu, yangu uko nayo tangu zamani. Ni kazi yangu. Sina ingine."

Kalaba akacheka puani, akatafuta kalamu. Akatia sahihi.