Duche ya Makomeno

Victorine Katongo, binti ya Donat Mwape aliyetia makaa katika treni mpaka macho yakamwisha, mujukuu wa Bwalya aliyeshuka toka kaskazini kwa miguu. Ni yeye aliyevuka mupaka wa Kipushi na unga kichwani miaka ya njaa, ni yeye aliyezaa batoto saba na kubazika bote. Wa mwisho alikuwa Michelle, hakuacha hata mutoto.

Tangu mufupa wa paja ulipovunjika, Victorine hakuweza tena kuchuchumaa kwenye choo cha shimo kule Naviundu. Basi mukwe wake Stéphane, bwana ya marehemu Michelle, akamutafutia nyumba ndogo Makomeno, fasi parokia ilijengea bazee. Siku ile walikwenda kuona kama duche, chumba cha kuogea chenye choo ndani, itamufaa.

Mama Martine, mwangalizi wa nyumba zile, akafungua. Victorine akaingia na fimbo yake. Mulangoni hapana ngazi. Karo, vile vigae vya chini, akazisugua kwa kisigino: hazitelezi. Akashika chuma cha ukutani, akakivuta kama muntu anayevuta mbuzi mubishi.

"Weye, utabomoa nyumba ya Mungu!" Martine akasema.

"Afazali ibomoke leo nikiwa nimevaa."

Akaketi juu ya choo, akasimama bila kusaidiwa. Moyo ukamutulia kidogo. Ndipo akaona kamba nyekundu, inaning'inia karibu na sakafu.

"Na hii?"

"Ukianguka, unavuta. Soneri, kengele yake, inalia kwenye simu ya jamaa yako. Miye mangaribi narudia kwangu."

"Jamaa gani?"

Martine akaonyesha nje kwa kidevu.

Stéphane alisimama kwenye baraza, ameipa nyumba mugongo. Muntu wa Kasai anajua buko: mama mukwe humutazami usoni, humushiki mukono, sembuse kumukuta uchi juu ya karo. Tangu siku ya ndoa habajapata kula meza moja. Lakini jamaa mwingine hakuwako.

"Mukwe wangu," Victorine akaita kupitia dirishani, "soneri ikilia utafanya nini?"

"Nitakuja, Mama."

"Utaingia namna gani?"

"Nitafunga macho."

"Aa! Basi tutalala chini babili!"

Martine akacheka mpaka akajishika kiuno. Victorine naye akacheka.

Dawa aliijua, mwanamuke wa kuingia duche mahali pa Stéphane, nayo ilimuuma kuliko paja. Stéphane alikuwa mujane mwaka wa tatu. Kwa desturi, jamaa ya marehemu ndiyo inamutosha mujane lufu, inamuondolea kile kifo kinachomukalia, ndipo anaoa tena. Wa kufanya hivyo alibaki Victorine peke yake, naye kila akiulizwa alijibu, "Bado." Haikuwa hasira. Stéphane akikaa bila muke, Michelle naye alikuwa angali na bwana, angali na nyumba yake duniani.

Akashika tena kile chuma.

"Mukwe wangu, Jumamosi, siku ya posho, uje Naviundu. Nitakutosha lufu."

"Mama, miye sikuomba..."

"Najua hukuomba. Unyamaze, usikie. Tafuta muke. Awe na mikono ya nguvu, asiwe na kinyaa na bazee. Umulete kwanza hapa, nimuonyeshe namna ya kuninyanyua. Nitamwita mutoto." Akakiachilia chuma. "Kwenda, anza kutafuta. Lakini tafazali, usiniletee mwenye kufanana na Michelle."