Daktari wa Shingo

Kabla hajamgusa mgonjwa, daktari wa shingo husugua viganja mpaka vipate joto, na humwita kila mwanamume shemeji. Alimchoma mume wangu sindano kwenye uvimbe wa shingoni huku akiimba mdomo umefumbwa. Yakatoka maji ya manjano, uvimbe ukanywea.

"Si nilikwambia? Maji tu!" mume wangu akacheka.

Daktari hakucheka. "Ungekuwa mtoto, ningekuruhusu uende. Lakini kwa mtu mzima, shemeji, maji hayanitoshi; uvimbe kama huu huweza kuwa na mzizi mbaya kooni. Fungua mdomo."

Akaingiza kidole chenye glavu mpaka kwenye tezi za kooni, akabonyeza taratibu, bado anaimba. Alipofika upande ule wa uvimbe, wimbo ukakatika. Akavua glavu, akasugua viganja tena. Safari hii akaushika mkono wangu mimi.