Maandishi ya Pembezoni

Mume wangu alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, na kitabu kichafu kilimkera kuliko mgeni asiyeaga. Maktaba ilipomletea vitabu vikuukuu alivishona upya, kisha akakata kingo kwa mashine mpaka kila kilichoandikwa na wasomaji pembeni kikaanguka sakafuni. "Wasomaji wana kiherehere," alisema. "Mwenye kitabu ni aliyekiandika."

Ndivyo alivyokutana na mwanafalsafa mmoja wa kale. Alikijalidi kitabu chake, akakisoma, akaondoka na sentensi moja: aliyevunja amana asiketi mezani pako. Sentensi hiyo ilitutesa kama jino bovu. Binti yetu alipofukuzwa kazi zahanati kwa kuiba dawa, baba yake alimtamkia hiyo hiyo, akamfungia mlango. Nililia mpaka macho yakavimba. Akaniambia, "Mama watoto, si mimi, ni haki."

Miaka minne baadaye ikaletwa nakala nyingine ya kitabu kilekile, kingo zake nyembamba mno kukatwa. Ikabidi asome ya pembeni. Mwalimu fulani wa zamani alikuwa ameandika kwamba wanafunzi wa mwanafalsafa yule waliichukua sentensi ile kuwa onyo kwa watawala kuhusu maofisa wao, na kwamba mwanafalsafa mwenyewe alikuwa na mwana mwizi, akala naye sahani moja hadi kufa. Chini yake, kwa wino mwingine na mwandiko wa msomaji mwingine: "Nami nilimfukuza wangu. Nilimsoma vibaya."

Alinifuata jikoni, uso umesawijika. "Hata ile nakala ya kwanza ilijaa maandishi," alisema. "Niliyakata mwenyewe."

Majuto ni mjukuu, nilitaka kumwambia, lakini nilikuwa tayari navaa viatu.

Tulimtafuta binti yetu siku mbili. Mama mwenye nyumba alikokuwa amepanga alitutazama kwanza.

"Nyinyi ni nani wake?"

"Wazazi," mume wangu akajibu.

"Poleni. Tulimzika mwezi uliopita. Alipozidiwa tulimuuliza tumwite nani, akasema hana mtu."

Mume wangu aliketi palepale kizingitini, akalia kwa sauti. Mpaka leo ndugu humlaumu yeye, nami nawaacha waseme. Lakini mlango wetu ulikuwa na funguo mbili, na mmoja ulikaa kwenye pochi yangu miaka yote minne.