Mtama Nilioununua Kumshinda Ndahani

Jamani, aibu hii nimeificha miaka, na leo naitoa kwa hasira, si kwa kuwachekesha, ingawa nawajua, mtacheka tu.

Enzi za Mdachi nilikuwa mwalimu wa shule ya serikali Dodoma, mtu wa Tanga mwenye kanzu iliyonyooka na kichwa kilichovimba, nikifundisha vijana wakubwa mambo ya biashara wapate ukarani. Nikawaambia kitu kikipungua sokoni, bei hupanda. Ndahani, Mgogo wa Hombolo, ambaye ndiye niliyemtegemea apate kazi bomani, akainua mkono.

"Samahani, mwalimu. Kwetu mtama hupanda bei watu wakiogopa. Hata vihenge vikiwa vimejaa."

Nikamcheka mbele ya wenzake! Nikamsimamisha pembeni, kisha kwa ujuba wangu nikaamua kumwonyesha kwa macho yake: nikatoa rupia za chakula cha shule, nikawatuma vijana sita sokoni wanunue mtama wote watakaouona, mimi nikasimama kando na kibao nikiandika bei inavyopanda.

Sasa fikirini wenyewe, mvua imechelewa, watu wa nchi kavu ile njaa wanaijua kwa majina, halafu wanaona vijana wa serikali wanajaza magunia mbio mbio. Mama mmoja akasema, "Mdachi amejua njaa inakuja," na kabla sijaandika bei ya pili (ya pili tu!) wakafunika vikapu vyao wakaenda zao, hakuna aliyetaka rupia yangu hata nikiongeza. Soko likabaki tupu, na mtama ulikuwepo, majumbani mwao.

Wake za askari wakaja, wakakosa, wakapiga kelele mpaka bomani. Bwana Shauri, Mjerumani mkuu wa boma, akashuka mwenyewe, akanifokea mbele ya wanafunzi wangu, akaniamrisha niyabebe magunia kichwani, moja moja, hadi boma, kanzu yangu ile ikageuka dekio, na watoto wa mjini nyuma yangu wakiniita mleta njaa. Mtama wote akawagawia askari, akasema mambo sasa yamekaa sawa. Sawa kwa nani? Sijamsamehe hadi leo, wala mimi sijajisamehe.

Maana niliporudi shuleni nilimkuta mama yake Ndahani mlangoni, ametembea tangu jana, na mbuzi amemuuza apate chakula cha wadogo zake Ndahani.

"Mbukwa, mwalimu. Sokoni nimeambiwa mtama wote uko hapa."

"Haupo, mama. Wameuchukua bomani."

Akakitazama kikapu chake. "Basi nipe mwanangu. Twende naye kwa wajomba zake, akanisaidie kuomba na kubeba."

Nikauliza atarudi lini, mtihani umekaribia. Akajitwisha kikapu chake kitupu. Ndahani akanikabidhi kibao chake kwa mikono miwili, kwa adabu ileile, wala hakusema "nilikwambia". Afadhali angesema, ningepata wa kumkasirikia.

Tangu hapo bei naifundisha kwa kokoto, ndani ya darasa, mlango nimeufunga. Na mwanafunzi akianza na "kwetu", naweka chaki chini nasikiliza mpaka amalize. Kibao cha Ndahani bado ninacho. Hakurudi kukichukua.