Uhuru Upi Aliozaliwa Mama

Nafundisha historia Kizuka, huku Burundi, na tarehe ninayoipenda kuliko zote ni mosi Julai. Siku hiyo Burundi na Rwanda zilipata uhuru, mwaka mmoja. Somalia ilikuwa imezitangulia kwa miaka miwili, tarehe hiyohiyo. Wakanada nao wana sikukuu yao siku hiyo. Mwanafunzi akishika moja amezishika zote nne, kwa hiyo naipendekeza kwa yeyote anayeogopa tarehe.

Mwaka jana nusura niongeze tukio la tano: kuzaliwa kwa mama yangu.

Mama alizaliwa ukimbizini, upande wa Tanzania. Tuliporudi Rumonge hakuwa na karatasi yoyote, akaishi hivyo miaka mingi bila shida. Kisha dada yake mkubwa, aliyebaki Kasulu, akapangiwa upasuaji siku ya Ijumaa. Mama akataka awe pale kabla dada hajaingizwa chumba cha upasuaji. Mpakani wanataka kitambulisho, na kitambulisho kinataka tarehe. Ilikuwa Jumatatu.

Karani wa komine, ofisi ya serikali ya eneo letu, alimpokea vizuri.

"Amahoro, mama. Ulizaliwa tarehe gani?"

"Siku ya Uhuru. Ndivyo alivyoniambia marehemu mama yangu."

Karani akaandika 1/7. Nikamweleza polepole, maana ndiyo kazi yangu, kwamba bibi alijifungulia Tanzania, na Uhuru wa kule ni tarehe tisa Desemba.

Akaweka kalamu chini. "Sasa mwalimu, iko uhuru gani?"

"Weka wowote," nikasema.

"Hapana," Mama akasema. "Siendi kwa dada yangu na tarehe ya uongo. Atanicheka mpaka waahirishe upasuaji."

Foleni nyuma yetu ikaanza kushauri. Muuza mawese mmoja alisema yeye ni wa mosi Januari, mkewe pia, watoto wote pia, na hakuna aliyewahi kuugua kwa sababu hiyo.

Tukampigia mama mkubwa, tukaweka simu mezani ili karani asikie.

"Dada, mimi nilizaliwa Uhuru upi?"

"Uhuru gani, wewe? Mama akiona bendera na ngoma alikuwa anasema Uhuru. Siku hiyo alinipeleka kuona gwaride, vumbi jekundu mpaka puani, uchungu ukamshika hapohapo. Kasulu kuna vumbi Desemba?"

Desemba ni mvua na matope. Hilo niliweza kulithibitisha.

"Basi iko ya Burundi," karani akasema, akichukua kalamu.

"Nani huyo? Mwambie huku hatukuwapigia gwaride Warundi. Ilikuwa Saba Saba."

Karani hakuijua Saba Saba. Nikamweleza kuwa ni sikukuu ya kule, siku ya saba ya mwezi wa saba, yaani jina lenyewe ndiyo tarehe. Ilimpendeza. Hakuchukua fomu nyingine. Ile moja aliyoiandika, kama ya kila aliyesomea Kifaransa, ilikuwa na mkono mrefu juu. Akaikata katikati kwa kimstari, ikawa saba. Mama akapungua umri kwa siku sita.

"Sasa unakuja lini?" simu ikauliza.

Mama akamtazama karani.

"Kitambulisho kitatoka Alhamisi," karani akasema. "Asubuhi, mashine ikikubali."

Mashine ilikubali saa nne. Ijumaa walipomwingiza mama mkubwa chumbani, Mama alikuwa mlangoni, amemshikia viatu.